Ubao, Tundu na Kitenzi: Istilahi za Simu za Ofisini na Kiswahili cha Lubumbashi

Mjadala kuhusu uundaji wa istilahi za Kiswahili umeendeshwa kwa muda mrefu kana kwamba lugha hii inaishia Kigoma. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liliundwa mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 likaanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Mwaka 1992 Tumbo-Masabo na Mwansoko wakachapisha Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili. Katika muda huo wote mifano iliyojadiliwa ilitoka hasa Dar es Salaam na Zanzibar, na kwa kiasi fulani Nairobi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna miji mizima ambayo imefanya kazi za migodi, reli na ofisi kwa Kiswahili kwa takriban karne moja. Inapotajwa katika mjadala huu, hutajwa kama mfano wa lugha iliyoharibika, na nadra sana kama mahali ambapo maneno ya kazi yamezaliwa.

Makala haya yanachunguza uwanja mmoja mdogo, nao ni ule wa mtambo wa kuunganishia simu ofisini pamoja na majina yaliyouzunguka, kwa kuulinganisha utaratibu wa wanaistilahi wa Tanzania na mazoea ya wasemaji wa Lubumbashi. Uwanja huu una faida moja kwa mchunguzi: mtambo wenyewe ulizaliwa, ukakua, ukazeeka na kutoweka katika muda wa karne moja na ushee. Kwa hiyo inawezekana kuona ni maneno gani yaliyozikwa pamoja nao na ni yapi yaliyobaki hai. Inadaiwa hapa kwamba wanaistilahi walianzia mahali pasipofaa. Walikipa jina chombo wakaisahau kazi. Lubumbashi, ambayo haikuwa na kamati, iliiacha nomino ya chombo katika Kifaransa ikaitwaa kazi yote kwa vitenzi vya Kiswahili.

Kazi iliyofanywa ubaoni

Ili hoja hiyo ieleweke ni lazima kukumbuka jinsi mtambo ulivyofanya kazi, kwani wanafunzi wengi wa leo hawakuuona. Ubao wa kwanza wa biashara ulifunguliwa New Haven, Marekani, tarehe 28 Januari 1878. Kila waya wa mteja uliishia kwenye tundu moja la ubao. Mteja alipoita, kifuniko kidogo kilianguka au, katika mitambo ya baadaye, taa iliwaka juu ya tundu lake. Mhudumu alitwaa kamba yenye pini, akaichomeka hapo, akauliza anatakiwa nani. Kisha aligusa tundu la pili kwa ncha ya pini nyingine, akasikiliza. Mlio mfupi sikioni ulimwambia kwamba waya huo una watu wanaozungumza. Usiposikika, alichomeka, akapiga kengele, akangoja hadi aitwaye aitike, ndipo akajitoa. Taa zilipoonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha, alizichomoa kamba zote mbili.

Msomaji ataona kwamba maelezo hayo yamejaa vitenzi: kuita, kuwaka, kuchomeka, kuuliza, kugusa, kusikiliza, kungoja, kuitika, kujitoa, kuchomoa. Nomino ni chache na karibu zote ni za kawaida: tundu, kamba, pini, taa, kengele. Hakuna hata moja ambayo Kiswahili hakikuwa nayo. Ugumu wa kazi hii haukuwa katika vifaa vyake. Ulikuwa katika mpangilio wa vitendo na katika adabu ya kumsemesha mtu asiyeonekana.

Lugha za Ulaya hazikutaja jambo hilo vizuri kuliko nyingine. Kiingereza kiliuita mtambo ubao wa swichi. Kifaransa kiliuita "standard", neno kilichokopa kwa Waingereza ambao wenyewe hawalitumii kwa maana hiyo, na mhudumu wake akawa "standardiste". Mafundi wa simu wanaosema Kiingereza wangali wanaziita nyaya mbili za simu kwa majina ya sehemu za ile pini, yaani ncha na pete, ingawa wengi wao hawajapata kuishika. Pini yenyewe haikufa. Ile inayochomekwa na mwanafunzi anayesikiliza redio kwa vipaza sauti vya masikioni ni kitukuu chake, iliyopunguzwa unene. Kwa ufupi, istilahi za mtambo huu ni mabaki ya samani na vipande vya chuma katika kila lugha, na hakuna sababu ya kuzitazama zile za Kiingereza kama dhana safi zinazosubiri kutafsiriwa.

Kosa la kuanzia kwenye chombo

Hata hivyo ndivyo ilivyofanyika. Mtafsiri anayekabiliwa na jina la Kiingereza hulikata vipande, akapata "ubao" na "swichi", akaviunga kwa kiunganishi, akaridhika. Matokeo yake ni "ubao wa swichi". Katika sikio la msemaji wa kawaida swichi ni kile kidude cha ukutani kinachowasha taa, na kwa fundi wa umeme ubao wa swichi ni ule unaogawa umeme katika jengo. Tafsiri sisisi imezaa istilahi inayotaja kitu kingine. Afadhali utohozi "swichibodi", ambao angalau haumdanganyi mtu, kwa kuwa haumwambii chochote.

Jina la mhudumu nalo halikupata bahati nzuri. "Opereta" limekaa vizuri mdomoni, lakini ni jina la kila aendeshaye mtambo wowote. "Mpokezi" na "mpokea simu" yanamtaja mtu anayepokea, ilhali mhudumu wa ubao hakupokea simu yoyote iliyomhusu: zote zilimpitia tu. La kushangaza ni kwamba wasemaji walikuwa na neno tangu mwanzo. Anayepiga simu ofisini Dar es Salaam husema, naomba uniunganishe na mhasibu. Kitenzi kuunganisha kimo midomoni mwa watu wote, kinanyambulika bila taabu, na nomino yake, mwunganishaji, haihitaji kikao. Kitenzi hicho kilitumiwa na mwananchi kila siku, lakini mwunganishaji halikupata kuwa jina la mtu huyo.

Simu yenyewe ilipatikana kwa njia nyingine. Neno hili limetokana na Kiajemi, ambamo lina maana ya fedha na pia ya waya. Lilitumiwa kwanza kwa telegrafu na ujumbe wake, kisha likahamia kwenye chombo cha kuongelea bila mtu kuuliza kama linafaa. Kuhusu "kupiga simu", wako wanaoeleza kwamba kitenzi kinatokana na kugongagonga ufunguo wa telegrafu. Maelezo hayo yanavutia, lakini yapokewe kwa tahadhari. Kiswahili hupiga pasi, hupiga picha na hupiga hodi, na kitenzi kupiga kimekuwa chombo cha jumla cha kugeuza nomino kuwa tendo. Linaloweza kusemwa kwa hakika ni kwamba mkazo ulikuwa kwenye tendo, na kwamba usemi huo umevuka mitambo yote iliyofuata: telegrafu, simu ya kukoroga, simu ya mezani na ya mkononi.

Lubumbashi: nomino ya mwajiri, kitenzi cha mfanyakazi

Mji wa Elisabethville, ulioitwa Lubumbashi tangu 1966, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka kusini ilipoufikia. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906. Katika miaka ya mwanzo mawasiliano, wafanyakazi na hata lugha ya amri vilitoka zaidi upande wa Rhodesia na Afrika Kusini. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha jinsi Kiswahili kilivyopewa nafasi ya lugha ya kazi Katanga, na jinsi misamiati iliyochapishwa kwa ajili ya Wazungu ilivyojaa vitenzi vya kuamrisha. Kifaransa kilibaki lugha ya ofisi. Mtu aliyekaa kwenye "standard" alikaa hasa mpakani mwa lugha hizo mbili.

Umuhimu wa mpaka huo ulidhihirika kwa namna ya kutisha wakati Katanga ilipojitenga. Tarehe 13 Septemba 1961 majeshi ya Umoja wa Mataifa, wakiwamo askari wa India, yalipigana vikali kulitwaa jengo la posta la mji huo pamoja na kituo cha redio. Aliyeishika posta alizishika nyaya za simu, na aliyezishika nyaya aliamua nani aongee na nani. Istilahi za simu si jambo la ofisini tu.

Baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967 na shirika la Gécamines kushika nafasi yake, Waafrika wengi zaidi waliingia katika kazi za ofisi, na Kiswahili kikaingia nao. Namna kilivyoingia ndiyo kiini cha makala haya. Nomino za mtambo na za mpangilio wa ofisi zilibaki za Kifaransa: "standard", "central", "poste", "ligne", "standardiste". Zilipokea viambishi vya Kiswahili cha mji huo kwa kanuni ileile inayozaa "bantu" na "bintu", hata wahudumu wengi wakawa "bastandardiste". Lakini simu yenyewe hupigwa, hulia, huitika, hukatika, huingia na hutoka. Watu hungoja na huunganishwa. Katika matamshi ya mji huo g mara nyingi hugeuka k, hivyo kupiga husikika kama kupika, na mgeni kutoka Tanga anayeambiwa kwamba amepikiwa telefone anaweza kusamehewa akitazama jikoni.

Nomino "poste" inastahili kusimamiwa kidogo. Katika Kifaransa ni maneno mawili yanayotofautishwa kwa jinsia. La kike ni posta. La kiume ni nafasi ya kazi, kituo cha utawala au cha polisi, zamu ya wafanyakazi katika migodi na viwanda, na pia simu moja ya ndani ya ofisi, ile inayotajwa kwa namba baada ya jina la kampuni. Kiswahili hakina jinsia ya namna hiyo. Msemaji wa Lubumbashi aliyelipokea neno hili alipokea maana zote kwa sauti moja, na akalazimika kuzitenganisha kwa kitenzi: ku-poste mtu huenda, hufanya kazi, hulala zamu au huongea. Orodha ya istilahi ingeliona jambo hilo kama utata unaopaswa kuondolewa kwa kubuni maneno manne. Wasemaji waliuondoa kwa sentensi.

Uhakiki wa wahakiki

Wataalamu wameitazama lugha hii kwa macho mbalimbali. Polomé aliielezea katika miaka ya 1960, na Schicho akaichunguza sintaksia yake katika kitabu cha mwaka 1982. Marjolein Gysels aliuliza mwaka 1992 kama Kifaransa ndani ya Kiswahili cha Lubumbashi ni kubadili msimbo, ni ukopaji, au ni vyote viwili. Vincent de Rooij, mwaka 1996, alichambua viunganishi vya Kifaransa vinavyopanga mazungumzo. Kazi hizi ni za thamani, lakini maswali yake ni ya mwanaisimu anayetaka kujua neno limekaa upande gani wa mpaka. Kwa neno kama "standard" swali hilo halizai matunda mengi. Mhudumu hakuwa akichagua kati ya misimbo. Alikuwa ameajiriwa kukaa kwenye kitu ambacho mwajiri alikuwa amekwisha kukipa jina.

Aliyekaribia zaidi ni Fabian katika makala yake ya mwaka 1982 juu ya ushairi wa ukopaji wa maneno katika Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Alipinga wazo kwamba neno hukopwa ili kuziba pengo tu. Wafanyakazi, alisema, huyachezea maneno ya kigeni, huyapa uzito na mwangwi, na humo mna ubunifu. Hoja hii inawasuta wale wanaoliona kila neno la Kifaransa Lubumbashi kama kovu. Ila ikisomwa peke yake huweza kumfanya mtu asahau kwa nini ni nomino za mtambo, wala si vitenzi, zilizobaki mikononi mwa mwajiri. Makala ya 1982 na kitabu cha 1986 yasomwe pamoja: moja linaonyesha uhuru wa msemaji, jingine linaonyesha ukuta aliokuwa akicheza mbele yake.

Ukuta huo ulikuwa wa kweli. Mwajiri hakumtaka mhudumu wa simu kwa ajili ya vitenzi vyake vya Kiswahili. Alimtaka kwa Kifaransa chake, kwa sauti ya kuitikia na kwa fomula za adabu ambazo mpigaji wa ng'ambo ya waya alizitarajia. Mama wa Kenya au Katuba aliyetaka kumwulizia mumewe katika ofisi kubwa alikutana kwanza na salamu ya Kifaransa. Ikiwa mhudumu alikubali kugeuza lugha, mama alipita. Asipokubali, waya ulikuwa umekatika hata kama haujakatwa. Kwa hiyo si sahihi kuisifu Lubumbashi kana kwamba ilishinda. Ilipata kazi bila kupata cheo, na wasemaji wake walilijua hilo. Ndiyo maana walitofautisha, na wangali wanatofautisha, usemi wao wa kila siku na kile wanachokiita Kiswahili bora, cha shule na cha redio.

Hapa ndipo msimamo wa wanaistilahi wa pwani unapostahili lawama kubwa zaidi. Utaratibu uliozoeleka Tanzania husema kwamba istilahi itafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Utaratibu huo ni mzuri. Lakini neno lahaja limefasiriwa kuwa ni Kimvita, Kiunguja, Kipemba, Kiamu na jamaa zao, yaani lahaja za watu ambao wengi wao walikuwa wavuvi, wakulima na mabaharia wakati viwanda vilipokuwa vikijengwa Katanga. Kutafuta jina la tundu la simu katika lahaja ya kisiwani na kuipita lugha ya mji wa viwanda ni kufuata kanuni kwa kuivunja.

Mtambo unapokufa

Katika miaka ya 1990 mpangilio wote wa simu za waya uliporomoka nchini Zaire. Uchumi wa Gécamines ulianguka, miji iliporwa mwaka 1991, na nyaya za shaba ziliibwa zikauzwa. Ni kejeli ya historia kwamba katika jimbo lililoitwa Shaba, waya wa shaba ulipata bei kubwa kuliko maneno yaliyopita ndani yake. Watu walihamia kwenye "phonie", yaani redio za mawimbi mafupi zilizowekwa katika vibanda na nyumba za biashara, ambako mwenye redio aliita mji mwingine, akamtuma mtoto kumwita jirani, na mteja akaongea mbele ya wote waliongojea zamu. Mwunganishaji alikuwa amerudi, safari hii bila ubao na mara nyingi akisema Kiswahili. Kampuni ya Telecel, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1986, ilikuwa na simu za mkononi, lakini bei yake ilizifanya kuwa za wakubwa. Simu ya mkononi ilianza kuwafikia watu wa kawaida baada ya Celtel kuingia mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002.

Ndipo mtihani wa istilahi ulipofanyika. Ubao umetoweka na "standardiste" amebaki katika ofisi chache, akiwa mbele ya kifaa chenye vitufe. Lakini simu ya leo Lubumbashi hupigwa, hulia, hukatika na kuingia kama ilivyokuwa. Maneno mapya yameongezeka upande wa nomino, nayo yametoka tena Kifaransa: "réseau" kwa mtandao, "unités" kwa salio. Hata kubipu, ambako Lubumbashi kulitoka kwa Kifaransa na Dar es Salaam kwa Kiingereza, kumekutana njiani kama kitenzi cha Kiswahili chenye adabu zake na ugomvi wake. Nomino hubadilishwa na kila mwajiri na kila kampuni. Vitenzi vimedumu, na vimedumu pande zote mbili za ziwa bila kikao chochote cha usanifishaji.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika katiba yake ya mwaka 2006, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina wajibu juu ya lugha katika nchi wanachama. Upo uwezekano mkubwa kwamba upatanishi wa istilahi utafanywa kwa kupeleka orodha za Dar es Salaam Lubumbashi na kuomba zifundishwe. Mwalimu wa huko atazipokea kwa heshima kama Kiswahili bora, atazifunga katika kabati, na wanafunzi wake watatoka nje kupigiana simu kama kawaida.

Njia nyingine ingeanza na waliokaa ubaoni. Wengi wamestaafu, nao hawapaswi kuonyeshwa picha ya mtambo na kuulizwa kila kipande kinaitwaje, kwa sababu watajibu kwa Kifaransa walichofundishwa, na mtafiti ataandika kwamba Kiswahili kilikosa maneno. Waulizwe walifanya nini taa ilipowaka.